Mji Mkongwe wa Unguja: utalii unaingiza fedha, lakini ni nani atakayebaki kuishi humo?

Mtoa mada

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kila mjadala wa Mji Mkongwe unapoanza, watu hugawanyika haraka: hawa husema utalii unauharibu mji, wale hujibu kwamba lau si utalii mji ungekuwa kifusi. Pande zote mbili huzungumzia majengo. Mimi naomba tuwazungumzie wakaazi, kwa sababu nina rai moja ambayo ningependa ipimwe na wanaoujua mji huu: kwamba nyumba ya mawe na chokaa hutunzwa na familia inayolala ndani yake, na kwamba utalii unaoihamisha familia hiyo huiangusha hifadhi hata pale unapoacha ukuta umepakwa rangi na mlango wa kuchonga unang'aa.

Utalii nao utendewe haki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wamiliki wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikachukuliwa na Serikali na kupewa familia zilizotoka Ng'ambo (mitaa ya upande wa pili wa mji), mashamba na Pemba. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikagawanywa kwa familia kadhaa, kodi ikawa ndogo mno, na paa likawa halina mwenyewe. Kufikia miaka ya 1980 mji ulikuwa katika hali mbaya sana. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, sheria yake ikapitishwa mwaka 1994, mpango wa uhifadhi ukatayarishwa katika miaka hiyo hiyo kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hatua hizo zilikuwa za lazima, lakini kwa nyumba nyingi aliyetoa fedha za kununulia boriti na kumlipa fundi alikuwa mtu wa hoteli. Anayesema kila hoteli ni adui hajapanda ngazi za nyumba ya mtaa wa Kiponda iliyokosa mwekezaji.

Sasa tazameni nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita tatu, vyumba vya asili ni vyembamba na virefu. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kisha huutoa. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hubaki ndani, chokaa hulegea na kuwa unga, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza mahali ambapo macho hayafiki. Familia ya zamani ilitosheka na vyoo vichache vilivyopangwa pembe moja ya nyumba. Hoteli ya vyumba kumi na viwili inahitaji mabafu kumi na mawili, maana mgeni wa leo hakubali kushirikiana, na kila bafu maana yake ni mabomba yanayopasuliwa ukutani, maji yanayovuja kidogo kidogo, na sakafu ya vigae juu ya boriti ambazo hazikukusudiwa kubeba uzito huo. Kisha juu ya paa huwekwa matangi, mashine za viyoyozi na mkahawa wa kutazamia machweo. Kwa nje kila kitu kimehifadhiwa na kibali kimefuatwa. Tatizo atalikuta mmiliki wa tatu au wa nne, baada ya aliyebuni ukarabati huo kuwa amekwisha kuuza na kuondoka.

Ndiyo maana nasema mkaazi ni sehemu ya matengenezo. Anayelala chini ya dari ndiye anayeona unga wa mchwa ukidondoka, ndiye anayezibua mfereji wa paa kabla ya masika, na ndiye anayegundua kwamba ukuta wa jirani umeanza kufanya tumbo upande wa kichochoro. Jengo lisilo na mtu wa namna hiyo hutegemea bajeti, na bajeti huja kwa kuchelewa. Beit el Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ndiyo jengo mashuhuri kuliko yote mjini, na dunia nzima ilijua kwamba ni bovu: sehemu yake moja ilianguka mwaka 2012, likafungwa, miaka ikapita, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka na kuua mafundi wawili. Ikiwa jengo lenye jina na mfadhili limefikia hapo, nyumba isiyo na jina nyuma ya Sokomuhogo itasubiri nini?

Kuna pia mambo yasiyoshikika. Nadi Ikhwan Safaa kimepiga taarabu tangu mwaka 1905, na kimedumu kwa sababu kilikuwa chama cha watu wa mjini wenye ada zao, harusi zao na ugomvi wao wa nani aimbe kwanza. Taarabu ya robo saa inayopigwa baina ya supu na samaki hotelini inampa mpiga kanuni (ala ya nyuzi ya taarabu) nauli ya kurudi nyumbani, na hilo si jambo la kudharau, lakini haiwezi kumlea mpiga kanuni mwingine. Baraza nazo ni hivyo hivyo: baraza la jiwe lililofungwa kwa meza za mkahawa lipo palepale kwenye ramani ya urithi, ila mzee wa mtaa hana pa kukaa.

Katika hesabu ya fedha, mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya laki saba. Wengi wao hulala Nungwi, Kendwa, Paje na fukwe nyingine, hushushwa na basi dogo asubuhi, hupitishwa Ngome Kongwe, Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, Darajani na Forodhani, kisha hurudishwa pwani. Wanachoacha mjini ni bei ya kofia na maji ya chupa. Uchakavu wa njia, takataka na msongamano hubaki kwa wakaazi, na fedha kubwa hubaki kwa aliyeuza safari. Venice wamelijua tatizo hili mapema: mji wao wa kale ulikuwa na wakaazi wapatao 175,000 mwaka 1951 na sasa hawafiki 50,000, na Aprili 2024 wakaanza kuwatoza wageni wa mchana euro 5 katika siku maalumu. Walianza kutoza wakati wenyeji wamekwisha kuondoka.

Kwetu njia ya kuondoka huanzia kwenye mirathi. Nyumba moja ina warithi kumi na tisa. Baadhi wako Muscat, mmoja Dubai, wengine Dar es Salaam na Kanada, na anayeishi ndani ni shangazi mmoja asiye na uwezo wa kubadilisha hata dirisha. Hakuna mrithi atakayetoa fedha za paa ambalo sehemu yake ni robo ya chumba. Anapotokea mnunuzi wote hukubaliana kwa mara ya kwanza. Nyumba za wakfu, ambazo ni nyingi mjini na husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, zina shida iliyo kinyume chake: haziuziki, jambo ambalo limeziokoa, lakini kodi yake haitoshi kuzikarabati, na kuipandisha ghafla ni kuwafukuza wale wale waliokusudiwa kusaidiwa na aliyeweka wakfu.

Kwa hiyo ninayoyapendekeza ni machache. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayetoka nje ya nchi hulipa bima ya lazima ya dola 44 ili kuingia Zanzibar, na wageni hawakukatika. Ada ya urithi ya dola 2 tu kwa kila mgeni, kwa idadi ya laki saba, ni dola 1,400,000 kwa mwaka. Fedha hizo zisiende kwenye majengo ya maonyesho. Ziende kwenye mapaa, mifereji ya maji na boriti za nyumba zinazokaliwa na familia, zikianza na za wakfu, kwa sharti kwamba mpangaji hatahamishwa wala kupandishiwa kodi kwa kipindi kitakachoandikwa. Pia kila mtaa uwekewe kikomo cha nyumba zinazoweza kugeuzwa za wageni, na katika hesabu hiyo ziingizwe nyumba zinazokodishwa kwa usiku kupitia intaneti, ambazo kwa nje huonekana kama makaazi ya kawaida. Mtaa wa Shangani umekwisha kujaa. Tusijidanganye kwamba bado kuna cha kusawazisha pale baada ya hoteli kubwa ya Mambo Msiige kufunguliwa mwaka 2015, mradi ambao Kamati ya Urithi wa Dunia iliulalamikia kwa miaka kadhaa. Kiponda, Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo bado zina watu.

Karibuni mchangie.

Mchangiaji wa pili (mtembeza wageni)

Ndugu mtoa mada, nimesoma kwa makini na mengi nayakubali, hasa hilo la wageni wa mchana. Sisi tunaowatembeza tunalijua zaidi: hoteli za pwani huwaleta na mtu wao, wote hupita Gizenga na Hurumzi saa zile zile, vikundi vinakutana kichochoroni hata mwenye mkokoteni anakosa pa kupita, na papasi, wale vijana wanaowafuata wageni kutafuta biashara, nao wanawazunguka kama kawaida yao. Kama kikundi kimoja kingewekewa idadi na kila kikundi kikalazimishwa kuwa na mtembezaji aliyesajiliwa, nusu ya kero ingekwisha bila hata kutunga ada mpya. Vilevile tungeweza kuwafundisha wageni kutowapiga picha akina mama waliokaa mlangoni kwao, na kutoingia vichochoro vya ndani wakiwa na nguo za ufukweni, jambo ambalo Mzanzibari huona haya kumwambia mgeni lakini humuuma.

Ila kuna mahali ambapo rai yako imewapendelea wakaazi kupita kiasi. Watu wengi hawafukuzwi na utalii, wanaondoka wenyewe. Mimi nimezaliwa Mkunazini na ninaishi Fuoni, nje ya mji, na sijutii. Ngazi za nyumba zetu ni za kumvunja mzee nyonga, maji hayapandi ghorofa ya pili bila pampu, gari huna pa kuliweka, na ukitaka kubadilisha dirisha lililooza unatakiwa kupeleka mchoro na kusubiri kibali, wakati mwenye hoteli anaajiri msanifu wa kumfuatilia karatasi zake. Familia changa inataka jiko la kisasa na chumba cha kila mtoto. Huwezi kuwaweka watu katika nyumba mbovu ili mji upendeze.

Mchangiaji wa tatu (Lamu)

Salamu kutoka Lamu. Mji wetu uliingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya wenu, na niliyoyaona hapa yanaweza kumtatiza mtoa mada kwa namna nyingine.

Hapa, na zaidi Shela, kijiji jirani yetu, nyumba nyingi zilinunuliwa na watu wa mbali ambao huja Desemba na kuondoka Januari. Kwa upande wa mawe na chokaa, nyumba hizo ziko katika hali nzuri kuliko za wenyeji wengi: wamerudisha zidaka (vishubaka vya ukutani), wamepaka niru (lipu laini ya chokaa) kwa mkono, wamechonga milango upya. Mafundi wa chokaa na wachongaji wa Lamu wamepata kazi za mfululizo, wakafundisha vijana, na pengine bila wanunuzi hao ufundi wenyewe ungepotea. Kwa hiyo kusema kwamba nyumba isiyo na familia haitunzwi si kweli kila mahali. Inatunzwa ikiwa mwenye nyumba ni tajiri na amemwacha msimamizi mwaminifu.

Lakini njoo upite baadhi ya vichochoro vya Shela baada ya isha, mwezi wa Mei. Taa hakuna, watoto hakuna. Kijana wa hapo hawezi tena kununua kiwanja alipozaliwa babu yake, kwa hiyo anajenga kwa matofali na mabati nje ya mji, huko ambako hakuna mtu anayeshughulikia hifadhi. Mtaa wa Langoni, hapa mjini Lamu, bado una uhai kwa sababu bei hazijafika huko. Nakubaliana nawe kwamba kikomo kiwekwe mapema, ila usiidharau fedha ya mgeni katika kuuhifadhi ufundi, kwa kuwa mkaazi maskini, hata akipenda nyumba yake vipi, hununua saruji kwa kuwa ndiyo rahisi dukani.

Mchangiaji wa nne

Hiyo dola 1,400,000 itashikwa na nani? Tumeona ada zikianzishwa kwa jina la jambo moja na kutumika kwa jambo jingine. Ikiingia mfuko mkuu hamtaiona tena.

Mtoa mada

Nawashukuru wote, nami nitajibu kwa mpangilio wa uzito na si wa zamu.

Kaka yangu wa Fuoni amegusa penye jipu. Ni kweli kwamba wengi wanaondoka kwa hiari, lakini hiari hiyo imetengenezwa na hali ulizozitaja mwenyewe: maji, ngazi, kibali. Hizo zote zinatibika kwa fedha na kwa taratibu, na hakuna hata moja inayohitaji kugusa sura ya jengo. Mabafu tunayowaruhusu wenye hoteli kuyapachika kila pembe yangeweza kuwekwa mawili kwa nyumba ya familia, mahali palepale palipokuwa na choo cha asili, kwa mabomba yanayopita nje ya ukuta na yanayofikika yakivuja. Kibali cha dirisha la mkaazi kisiwe na foleni moja na kibali cha hoteli. Mamlaka ingeweza kuwa na michoro iliyokwisha kuidhinishwa ya milango, madirisha na ngazi za kawaida, mkaazi akachagua mchoro, akaonyesha fundi wake, akaanza kazi wiki hiyo hiyo. Gari sina jawabu lake. Mji huu ulijengwa kwa miguu na punda, na anayetaka gari mlangoni itabidi akae Fuoni kwa amani.

Kuhusu idadi ya vikundi, nakuunga mkono moja kwa moja. Ni jambo la gharama ndogo kuliko yote yaliyotajwa katika uzi huu na linaweza kuanza kabla ya ada yoyote.

Ndugu wa Lamu amenilazimisha kuirekebisha rai yangu. Nasema hivi sasa: familia ndiyo mlinzi wa kila siku, na fedha ya mgeni ndiyo mshahara wa fundi, na kosa letu Unguja ni kuviacha viwili hivyo vikae katika nyumba tofauti. Fundi wa chokaa anafanya kazi hotelini Shangani, na hatua mia moja kutoka hapo mama mmoja anapaka saruji ukuta wake kwa kuwa hampati fundi huyo kwa bei yake. Kwa hiyo ningeongeza sharti kwenye kibali: anayetaka kugeuza nyumba kuwa ya wageni alipe siku za kazi za fundi na chokaa iliyoiva kwa nyumba moja ya jirani inayokaliwa, kiasi kikipimwa kwa ukubwa wa mradi wake. Chokaa lazima ilowekwe muda mrefu kabla ya kutumika, na ndiyo sababu nyingine ya watu kukimbilia saruji. Shimo moja la chokaa la mtaa, linalojazwa kila mara na kusimamiwa na fundi mmoja mzee na wanafunzi wake, lingeondoa udhuru huo.

Kwa mchangiaji wa nne: swali lako ni la haki na siwezi kulipamba. Ndiyo maana nimeliweka sharti la nyumba ya jirani, kwa kuwa halipiti kwenye mfuko wa mtu. Linapita kwenye ukuta ambao mtaa mzima unauona. Ada ikianzishwa, isikusanywe kabla ya kuwapo orodha ya nyumba zitakazohudumiwa mwaka huo, ibandikwe ofisi ya sheha wa kila shehia, na iwe na jina la nyumba, kazi itakayofanyika na bei yake. Wazee wa kahawa pale Jaws Corner, kijiwe cha mazungumzo cha Mji Mkongwe, wataisoma mstari kwa mstari, na hakuna mkaguzi ninayemwamini zaidi yao.

Kama itabidi kuanza na mtaa mmoja, ningeanza Malindi. Iko karibu na bandari, wageni wa boti hupita hapo bila kusimama, ina nyumba mbovu nyingi na bado ina wakaazi, wavuvi, soko la samaki na msikiti wenye mnara wa kale, na bei ya nyumba zake haijafikia ya Shangani. Wenye kuijua Malindi kuliko mimi watuambie ni nyumba zipi za wakfu ambazo paa lake halitavuka masika mawili, ili orodha ya kwanza iandikwe hapa hapa.